Kidirisha Chenye Mwanga

Binti yangu anayesoma Mbeya alinitumia ujumbe kwamba anataka kamera ya filamu. Hataki ya simu, hataki hizi za kidijitali. Anataka ile ya kuvuta kwa kidole gumba, kufyatua, kisha kukaa kusubiri. Nilicheka peke yangu. Sisi tulizikimbia, wao wanazitafuta. Akaongeza masharti: iwe ya zamani kweli, iwe nzima, na kidirisha chake cha kuchungulia kiwe na mwanga, maana ameambiwa nyingi zimeingia ukungu. Basi nikaenda kwa kijana mmoja hapa Tunduma anayeuza redio na pasi za mitumba karibu na mpaka, akanitolea boksi lenye kamera kadhaa zimelaliana kama viatu vilivyokosa wenzake.

"Chagua, mama," akasema. "Hiyo nyeusi kali sana. Hiyo ya pembeni nzima, ila kidirisha kimekufa."

Niliinua moja iliyokuwa ndani ya mfuko wa ngozi. Kabla sijaifikisha jichoni, harufu ilinifikia kwanza: ngozi iliyolowa jasho ikakauka, ikalowa tena, na ndani yake ule ukali wa chuma na mafuta. Nilisimama pale na kamera mbele ya uso kama mtu anayejificha, na kijana akawa ananiuliza kama inafaa au atoe nyingine. Nilikuwa naona aibu. Mwanamke mzima mwenye wakwe, naona aibu mbele ya boksi la mitumba.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Wenzangu wa rika langu mnawakumbuka watu wale: baiskeli, koti lenye mifuko mingi, kamera kifuani, na kila penye ngoma au nguo mpya yeye yupo. Jumapili alikuwa nje ya makanisa. Siku za kazi alikuwa kwenye foleni ya malori, akiwapiga madereva wa mbali waliotaka kuonekana wameegemea magari yao kana kwamba ni mali yao. Wakati wa mavuno ya mpunga alishuka Kamsamba, kwenye joto, akawapiga wafugaji wakiwa na redio begani na ng'ombe wao bora nyuma, akarudi ameungua uso, na gunia la mchele limefungwa nyuma ya baiskeli. Filamu ikijaa aliipeleka Mbeya kusafishwa, na watu walisubiri picha zao bila kununa. Picha enzi zile ilikuwa kitu cha kusubiriwa, kama mtoto.

Nilijivunia baba, nisiwafiche. Shuleni nilikuwa mtoto wa mpiga picha, na hicho kilikuwa cheo. Watoto wa mtaa walimfuata wakilia awapige, naye hakuwa mchoyo. Aliwapanga, warefu nyuma, wafupi mbele, akawakataza kupepesa macho, akafyatua flashi. Ndani ya kamera hamna kitu. Hiyo ndiyo iliitwa picha hewa. Walevi wakimng'ang'ania vilabuni aliwafanyia vilevile: flashi inawaka, wanaridhika, wanaenda zao. Hakumtoza mtu kwa picha hewa hata siku moja, na mtaa mzima uliujua mchezo huo ukaucheka. Mimi, kwa utoto wangu, niliamini picha zile zinakwenda mahali fulani zinakaa, na siku moja baba atazileta zote kwa pamoja, na walevi wote wa Tunduma watajiona walivyokuwa.

Kisha akaja bibi, mama yake baba. Alitoka Ndalambo ghafla, katikati ya msimu, mahindi yake yakiwa bado shambani. Alikuja na ndoo, blanketi, na kitambaa alichojifunga kichwani mpaka kwenye nyusi. Siku nilipompelekea maji ya kuoga niliona kichwa chake kimenyolewa mpaka kinang'aa, nikajua amefiwa, maana kwetu ndivyo wafiwa wanavyonyolewa. Nikampa pole kwa heshima zote nilizofundishwa. Akanitazama kidogo, akasema, "Asante, mjukuu wangu. Pole nimeipokea."

Hakuwa amefiwa. Kule kijijini walikuwa wamewaita lambalamba, wale waganga wapekuzi wanaopita nyumba hadi nyumba wakichimbua wanachodai ni uchawi, nao wakachimbua pembe chini ya kizingiti chake. Nani aliifukia pale, Mungu ndiye anajua. Bibi alikuwa ameshazika mume na watoto wawili, shamba lake lilikuwa linazaa kuliko la jirani, na alikuwa mzee anayeishi peke yake. Watu walishajumlisha na jibu wameshalipata. Wakamnyoa hadharani. Waliomnyoa aliwajua kwa majina, na wengine ni yeye aliyewapokea walipozaliwa. Baba ndiye mtoto pekee aliyembakia, akaenda kumchukua siku ileile.

Mambo haya niliyapata vipandevipande, mama akimnong'oneza baba jikoni. Kipande nilichokielewa vizuri ni kile alichotukazia sisi watoto. Tukiulizwa bibi yenu amekuja kufanya nini, tujibu amekuja kutibiwa mguu. "Na akiugua mtu humu ndani," mama akasema, "hata iwe homa ya siku moja, asitoke mtu kwenda kutangaza nje. Mnanisikia? Yaliyompata huko hayana mpaka. Yanaweza kumfuata hata hapa." Nilimsikia. Nikawa nakohoa ndani ya shuka, nikijiona mlinzi wa bibi.

Bibi mwenyewe hakuonekana mtu wa kulindwa. Aliamka kabla ya majogoo akafagia uwanja wetu, akaunganisha na wa jirani, akapika togwa ya ulezi ambayo mpaka leo sijaipata mfano wake. Ila alikuwa hasogei karibu na mtoto mchanga wa mtu yeyote. Akiletewa ambebe, alisema mikono yake ina moshi.

Muda si mrefu baadaye baba akanichukua twende Nakonde kuchagua kamera. Nilishangaa, kwa sababu kamera aliyokuwa nayo ilikuwa nzuri, nzito, haijawahi kumwangusha. Tukavuka mpaka tukiwa tumeshikana mikono, yeye akinishika kwa nguvu kuliko kawaida, mpaka kwa Mzambia mmoja mnene, mpole, aliyetandaza kamera juu ya turubai.

"Mwapoleni mukwai, ba mudala," akamsalimia baba kwa Kibemba, akimwita mzee. "Leo umekuja na bosi wako."

Baba akachuchumaa. Wanunuzi wengine walikuwa wanafungua mgongo wa kamera, wanasikiliza mlio, wanapuliza lenzi. Baba hakufungua chochote. Aliinua kamera, akaielekeza juu mawinguni, akachungulia, akaiweka chini. Akainua nyingine. Siku ile jua lilikuwa kali mpaka mabati yalikuwa yanaumiza macho, na yeye bado alikuwa anatafuta mwanga.

"Hii giza," akasema. "Hii nayo giza."

"Zote hizo bwino, nzuri sana," akasema yule Mzambia. "Giza liko wapi, ba mudala? Mimi humo naona mpaka nywele za huyu mtoto."

Mwishowe akapata moja. Ilikuwa nyepesi, plastiki tupu, cha maana ulikuwa mfuko wake wa ngozi tu. Lakini kidirisha chake kilikuwa kikubwa na cheupe. Akanipa nichungulie. Nikaona soko lote la Nakonde limekuwa jipya, vitenge, mapipa, mama mwenye samaki wa kukaanga, kila kitu kimeoshwa.

"Kunaonekana?" baba akauliza.

"Kweupe kabisa, baba."

Akashusha pumzi. Kisha akaivua shingoni ile kamera yake nzuri, akamkabidhi muuzaji, nipe nikupe. Yule Mzambia akamtazama, akanitazama na mimi, akasema kwa upole kwamba yeye ni mfanyabiashara lakini si mnyang'anyi, vitu hivi viwili havilingani. "Nimeshachagua," baba akasema, na safari hiyo sauti yake haikuwa na mzaha.

Njiani nikamwuliza kwa nini ameiacha ile. Akanijibu kwamba kamera nzuri ni ile unayoona ndani yake. Nikaelewa nilivyoelewa: kidirisha kikiwa na mwanga, basi picha nazo zitatoka na mwanga. Kesho yake shuleni nikatangaza kwamba baba yangu ana kamera inayotakatisha watu kuliko studio zote za Mbeya.

Macho ya baba yalikuwa yanakufa. Huo ndio ukweli, na nauandika sasa ili msihangaike kama nilivyohangaika mimi. Hospitali walishamwambia kwamba mishipa ya macho imeharibika na kilichokwenda hakitarudi. Alijua yeye, alijua mama, basi. Kupitia kamera yake ya zamani alikuwa anaona usiku mtupu. Ile nyepesi ya Nakonde ilimpa miezi michache zaidi ya kuonekana mtu anayeona.

Kipaimara chetu kikaingia katikati ya miezi hiyo. Askofu alikuwa anakuja, jambo ambalo parokia yetu ililisubiri miaka, na wazazi wote walikubaliana kwamba mpiga picha awe baba, wakamlipa kabisa kabla. Sisi wasichana tulishonewa magauni meupe, wavulana mashati meupe, na vumbi la Tunduma likapewa taarifa likae mbali. Baba alipiga tangu misa ilipoisha hadi chakula cha mchana. Ninachokumbuka ni namna alivyotupanga. "Mrefu yuko wapi? Itika! Wewe wa mwisho, taja jina lako! Tena!" Tulikuwa tunacheka mbavu ziume. Ilipofika zamu yangu, askofu akaniwekea mkono kichwani, na baba akasema, "Mwanangu, cheka nikusikie." Nikacheka kwa sauti mbele ya askofu. Niliona ni utani mtamu kuliko yote aliyowahi kunitania.

Siku picha ziliporudi kutoka Mbeya mimi nilikuwa bombani. Niliporudi na ndoo kichwani nikamkuta mama ameinamia jiko la mkaa, moshi mweusi, harufu mbaya kama ya kandambili zinazoungua. Nikamwuliza anachoma nini. "Takataka," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi.

Jumapili iliyofuata, misa ilipoisha, wazazi wakamzunguka baba nje ya kanisa. Nilikuwa pembeni yake nimeshika kitabu cha nyimbo, natabasamu, maana nilijua watakavyofurahi. Aliyetangulia kusema ni Mama Tumaini, jirani yetu, mwanamke wa biashara asiyependa maneno marefu.

"Fundi, picha. Tumechoka kusubiri."

"Hakuna picha," baba akasema. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Kamera haikuwa na filamu."

"Haikuwa na nini?"

"Niliwapiga hewa."

Kwanza walicheka. Wote, pamoja na Mama Tumaini, kwa sababu walimjua na michezo yake. Halafu wakamwangalia usoni, kicheko kikakatika kimoja kimoja.

"Mbele ya baba askofu?" Mama Tumaini akauliza. "Watoto wamefunga, wamesali, wewe unawawashia flashi kama walevi wa kilabuni? Mwanangu anapata kipaimara mara ngapi? Mwizi mkubwa wewe!"

"Nisameheni," baba akasema.

"Mwizi!"

Kuna mtu alimsukuma, baiskeli ikaanguka, naye akachelewa kuiinua. Aliinama akawa anapapasa chini kama asiyejua imeangukia wapi. Nikajua ndivyo mikono ya mwizi inavyokuwa akishikwa. Baadaye aliiuza baiskeli ile na kumrudishia kila mzazi chake, lakini nani anakumbuka kurudishiwa? Wanakumbuka kuibiwa.

Ya chumbani, siku picha ziliporudi, niliyasimuliwa na mama miaka mingi baadaye. Picha zilikuwa zimetoka zote. Zilitoka ukungu, watoto weupe wasio na nyuso, wengine wamekatwa vichwa, askofu nusu, na mkono uliowekwa juu ya mtu asiyeonekana. Baba akamwomba mama amweleze moja moja, naye akamweleza mpaka akashindwa. Mama akashauri waseme kamera iliharibika.

"Wataniambia nitafute nyingine nipige tena," baba akasema. "Nikipiga tena wataona. Wakishajua nimekuwa kipofu, na umri wangu huu, swali lao litakuwa moja tu: anakaa na nani?"

"Tutawaonyesha cheti cha hospitali."

"Mama watoto, hospitali wanakwambia unaumwa nini. Mtaani wanakwambia nani amekuloga. Mama yangu alishazika watatu. Mimi nikiwa wa nne hawatamnyoa tena, watamchoma." Kisha akaongeza, "Mwizi ananyooshewa kidole yeye mwenyewe. Acha wakinyooshe kwangu."

Basi mama akachoma picha.

Na wizi ule ukampa maficho ambayo asingeyapata kwingine. Aliacha kazi, nani angempa? Alishinda nyumbani akipukuchua mahindi na kusokota kamba. Akikutana na watu njiani hakuwasalimia, wakasema haya zimemwinamisha. Mtu akimsemesha aligeuza uso upande, wakasema mwizi hatazamani na watu. Hata mimi niliona hivyo. Mezani alikuwa haniangalii machoni, nikasema moyoni, ni sawa, asiniangalie, na anajua kwa nini.

Shuleni sikuwa tena na cheo. Wenzangu walikunja vidole kuwa kamera, wakanifuata hadi chooni: "Usipepese! Hewa!" Jina la Hewa likanikaa. Walimu nao walilijua, na mmoja aliniita hivyo siku moja bila kukusudia, darasa likaanguka kwa kicheko. Nikaanza kukwepa swali la mimi ni mtoto wa nani. Nikiulizwa nilitaja mtaa, nikataja kanisa, nikamtaja mama. Aibu ya utotoni haina kona ya kupumzikia. Unalala nayo, unaamka nayo, unakwenda nayo kuchota maji.

Siku moja nilikuwa na wasichana wenzangu kando ya barabara ya malori, wale wa daraja la juu kidogo ambao nilikuwa nimejikomba kwao muhula mzima. Nikamwona baba anakuja upande wetu, taratibu, mkono wake mmoja ukigusagusa ukuta wa maduka. Roho ikanitoka. Hapakuwa na uchochoro wa kuingia. Akaja, akaja, akanipita karibu mpaka nikasikia harufu ya koti lake, macho yako mbele, hakusema neno. Wale wasichana hawakujua lolote. Nilimshukuru baba siku ile kutoka moyoni. Nilidhani ameona niko na nani, akaamua kunisitiri, akanikana mwenyewe ili nisimkane mimi. Nikafikiri, angalau aibu imemfundisha upendo. Hakuwa amenisitiri. Hakuniona.

Lakini linaloniuma kuliko yote lilikuwa mezani kwetu kila jioni. Bibi ndiye aliyekuwa anaombea chakula. Naye alikuwa ameamini, tena kuliko majirani. Alianza kukaa benchi la mwisho kanisani kwa ajili ya mwanawe. Akimaliza kuombea ugali na wagonjwa, aliongeza kwa sauti ya kuvunjika, "Na huyu mwanangu, Baba, umsamehe wizi wake. Sikumlea hivyo. Wewe unajua sikumlea hivyo." Sote tukaitikia Amina. Baba naye aliitikia Amina, kichwa ameinamisha, kama mtu anayepokea haki yake. Mara nyingine mama alinyanyuka akatoka na sufuria mkononi, sufuria isiyokuwa na kitu, nami nilidhani amekasirikia wizi uleule.

Nywele za bibi zikaota, nyeupe, akaacha kitambaa. Wanawake wa mtaa wakaanza kuja kukaa naye uwanjani wakinywa togwa. "Pole, bibi," walimwambia, "kwa mtoto uliyepewa." Mama Tumaini ndiye aliyekuwa mstari wa mbele, alimletea sabuni na sukari, akamwita mama. Walimwonea huruma, na mtu unayemwonea huruma humwogopi. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu Ndalambo wala mguu. Mwishowe wakawa wanampa hata watoto wachanga abebe, naye akawabeba.

Bibi alikufa kwa uzee, taratibu, akiwa usingizini. Nilikuwa tayari msichana wa sekondari. Tukampeleka Ndalambo kwa lori, azikwe pembeni ya mume wake, na majirani wa Tunduma wakapanda nasi wakiimba njia nzima. Kule wakatoka watu wengi kuliko tulivyotarajia. Hata walioshika wembe siku ile walikuja, wakalia, na mmoja wao akasimama akasema marehemu alikuwa mama wa kijiji kizima. Nilimwangalia baba nione atafanya nini. Alikuwa ameinamisha kichwa vilevile kama mezani.

Katekista akaita mtoto wa marehemu atangulie kuweka udongo. Baba akapiga hatua. Hakuelekea kaburini. Alielekea upande wa watu, na watu wakampisha wakidhani ni uchungu. Mama akajongea kumfuata, lakini baba alikuwa ameshasimama. Akanyoosha mgongo. Muda mrefu sikuwa nimemwona amenyoosha mgongo mbele za watu.

"Jamani," akasema, "naomba mtu anishike mkono anipeleke. Mimi sioni."

"Huoni nini?" akauliza mzee mmoja.

"Sioni kitu. Niko hivi tangu picha za kipaimara. Filamu ilikuwemo. Nilipiga zote, macho ndiyo hayakuwepo." Akageukia huku na huku akitafuta sauti zilipo. "Nisingeweza kusema wakati mama yuko hai. Ninyi wenyewe mnajua kwa nini. Sasa ameshalala."

Waliomnyoa bibi walitazama miguu yao. Mama Tumaini alijifunika uso kwa kanga yote, akakaa chini kwenye udongo. Mama, ambaye tangu msiba uanze alikuwa hajatoa sauti, akapiga yowe moja ambalo halikuwa la kumlilia bibi. Mimi nilikuwa nahesabu upya kila kitu, baiskeli, ukuta, mezani, barabarani, na kila nilipogusa paliwaka.

Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nikatoka, nikamshika mkono. Nilikuwa sijaushika tangu nilipoanza kuona haya kuitwa mtoto wake, na kiganja changu kilikuwa kimekuwa cha mtu mzima. Nikamgeuza kuelekea kaburini bila kujitaja. Baba akaupapasa mkono wangu kidole kwa kidole, akautafuta ule alioujua, akaukosa. Kisha akainamisha kichwa upande wangu, akaniuliza kwa ile adabu anayopewa mgeni:

"Samahani, nimeshikwa na nani?"